Mtamba Mgeni Bandani: Namna ya Kuaminiwa na Wanyama wa Nyumbani

Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, anayeletwa nyumbani kwako leo hakujui. Ametolewa kwenye kundi alimozaliwa, amepakiwa kwenye gari la mizigo akiwa amefungwa kamba, amepandishwa mlima kwa saa kadhaa huku akiyumba kila penye kona, na sasa anashushwa katika uwanja wenye harufu asizozijua, mbwa anayebweka na watoto waliojipanga kumtazama. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe hufungiwa bandani mwaka mzima katikati ya migomba na mikahawa, mnyama huyo hana malisho ya kukimbilia wala kundi la kujificha ndani yake. Majani atakayokula, maji atakayokunywa na maumivu atakayopata, vyote vitatoka mikononi mwa watu wawili au watatu wa nyumba hiyo. Akiwaogopa watu hao, atabana maziwa, atapiga ndoo teke, atachelewa kugundulika anapoingia kwenye joto, yaani anapohitaji dume, au anapoanza kuugua, na siku moja anaweza kumvunja mtu mkono.

Nitaeleza zaidi habari za ng'ombe, kwa kuwa ndiye ninayeamka kwa ajili yake kila alfajiri, kisha nitagusa mbuzi, kuku na mbwa. Kwa wote hao nimeona jambo moja: mnyama humwamini mtu ambaye matendo yake yanabashirika. Akishajua kwamba nyayo zako zinaposikika saa 11 alfajiri kinachofuata ni majani, na kwamba mkono wako ukiinuka hauji na fimbo, hutulia hata kama wewe si mtu wa kubembeleza. Mtu mwenye huruma nyingi ambaye leo analisha saa 12, kesho saa 4, leo anampapasa na kesho anamfokea, humchosha mnyama kuliko mtu mkavu mwenye utaratibu.

Wiki ya kwanza

Andaa banda kabla mnyama hajafika: matandiko makavu, maji safi, na majani katika kihori. Uliza huko anakotoka alikuwa akila nini, kisha umpe chakula hichohicho kwa siku za mwanzo, iwe ni majani ya tembo, mabua ya mahindi au migomba iliyokatwakatwa, na umbadilishie kidogo kidogo. Tumbo lililovurugika na moyo wenye hofu ni mizigo miwili ambayo hapaswi kubebeshwa kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza mwache. Majirani watakuja kumwona, maana ndiyo desturi, lakini waombe wamtazame kwa mbali, na mbwa afungwe upande wa pili wa nyumba.

Kuanzia siku ya pili, mtu mmoja tu ndiye ampe chakula na maji. Akishamaliza kujaza kihori asiondoke. Achukue kigoda, akae kando ya banda kwa dakika 20 hivi asubuhi na jioni, afanye kazi yake ndogo ya mkono kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage, bila kumkazia mnyama macho. Kwa mnyama anayeliwa na wengine, macho mawili yaliyoelekezwa kwake bila kupepesa ni macho ya mwindaji. Baada ya siku chache, mtamba atanyoosha shingo na kunusa bega lako au kisogo chako. Hapo ndipo watu wengi huharibu kazi, kwa kugeuka haraka na kunyoosha mkono. Usigeuke. Mwache anuse, arudi nyuma, anuse tena; yeye ndiye aanze kukugusa mara nyingi kabla wewe hujamgusa hata mara moja.

Wakati wa kumgusa ukifika, anza na upande wa shingo au bega, kwa kiganja kizima na kwa uzito kidogo, kwa kuwa vidole vinavyoparaza juu juu humfanya adhani ni inzi. Ng'ombe wenyewe hulambana zaidi kichwani na shingoni, na wengi hupenda kukunwa chini ya shingo, pale ngozi inaponing'inia, hata hunyoosha kichwa mbele na kufumba macho nusu. Paji la uso liache, hasa kwa madume, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Unaweza kuwa na pumba kidogo au chumvi kiganjani, lakini iwe kidogo kweli, kwani mnyama aliyezoea majani akipewa pumba nyingi kwa ghafla anaweza kuvimbiwa.

Ni vyema pia kufahamu jinsi ng'ombe anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona takribani nyuzi 330 kati ya 360 bila kugeuka, lakini nyuma yake kabisa kuna sehemu asiyoiona, na uwezo wake wa kupima kina na umbali ni hafifu. Mtu anayetokea nyuma ya mkia kimyakimya hupigwa teke kwa kosa lake mwenyewe. Pita ubavuni, sema neno kabla ya kuingia, na usogee kwa mwendo wa kawaida. Kunyatia ni kubaya kuliko kutembea. Temple Grandin, msomi wa Marekani aliyejulikana kwa kazi yake juu ya tabia za ng'ombe, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mnyama anayegoma kupita mahali fulani mara nyingi ameona kitu kidogo ambacho sisi hatukijali: mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio, mwanga unaomeremeta kwenye dimbwi la maji. Kabla ya kumchapa ng'ombe anayegoma, inama hadi macho yako yawe usawa wa macho yake, kisha utazame mbele.

Kila ng'ombe ana umbali wake ambao mtu akiuvuka, yeye husogea. Kwa mtamba mgeni unaweza kuwa mita tatu au nne. Kwa ng'ombe aliyezoea hakuna umbali wowote. Ujifunze kuuona mpaka huo. Sogea mpaka aonyeshe dalili ya kwanza ya wasiwasi, yaani anyanyue kichwa, aache kucheua au ahamishe uzito kwenye mguu wa nyuma, kisha simama hapohapo. Akishusha kichwa au akirudi kucheua, wewe rudi nyuma hatua moja. Ile hatua ya kurudi nyuma ndiyo zawadi yake, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko pumba, kwa sababu inamfundisha kwamba akitulia anapata nafasi. Ukitaka aende mbele, simama nyuma kidogo ya mstari wa bega lake. Ukitaka arudi nyuma, simama mbele ya mstari huo. Ukilijua hilo, utashangaa jinsi fimbo inavyokosa kazi.

Kazi zinazouma

Mtamba wangu wa kwanza nilimpata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao wengi wanaujua: unapewa mtamba, nawe unalipa kwa kutoa mtamba wa kwanza atakayemzaa. Nilikuwa nimesikia habari za ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na vifo vyake, nikaingiwa na hofu ya kupe, na siku ya tatu tu tangu afike niliwaita vijana wawili wa jirani wakamfunga kwenye nguzo ili nimnyunyizie dawa. Lile bomba la kunyunyizia lilipoanza kutoa mlio aliruka, akaanguka, akapiga kelele ambazo sijazisahau. Kupe walikufa. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoingia bandani na buti zangu za mpira, alijibana kwenye kona ya mbali na kutetemeka ngozi. Mama mkwe, ambaye alikuwa amefuga tangu enzi za ng'ombe wa kienyeji waliolala ndani ya nyumba moja na watu, alinitazama kwa siku kadhaa bila kusema kitu, kisha akaniambia: "Mwanangu, vua hizo buti." Nilianza kuingia na kandambili na kanga tofauti, na mnyama akaanza kusogea. Ilichukua miezi miwili kurudi pale tulipokuwa siku ya pili.

Kupe hawasubiri urafiki, na mnyama lazima aogeshwe. Ila kazi hiyo inaweza kugawanywa. Leta bomba tupu, uliweke karibu na kihori wakati anakula, siku mbili au tatu. Kisha lipige hewa kwa mbali ili asikie mlio wake akiwa na chakula kinywani. Kisha nyunyiza maji matupu ardhini, baadaye miguuni, baadaye ubavuni, na kila mara anapotulia uache kunyunyiza. Kwa mnyama wa kawaida haya yote huchukua wiki moja au kidogo zaidi, na ikiwa kupe ni wengi mno kusubiri muda huo, muulize bwana mifugo kuhusu dawa ya kumwagwa mgongoni, ambayo haina mlio.

Sindano, kukata kwato na kuondoa pembe ni vya mtu mwingine na mahali pengine. Namaanisha hivi: yule anayelisha na kukamua asiwe ndiye anayeshika kamba siku ya maumivu, na maumivu yasitokee mbele ya kihori. Tenga kibanio, yaani ujia mwembamba wa miti imara ambamo ng'ombe husimama bila kuweza kugeuka, kwenye pembe ya uwanja, na umpitishe hapo mara kwa mara bila kumfanya chochote zaidi ya kumpa kiganja cha pumba upande wa kutokea. Akipitishwa mara 20 akapata pumba, na mara ya 21 akapata sindano, hesabu bado iko upande wako. Baada ya tukio usimwendee kwa pole nyingi na kumkumbatia; mpe majani kwa saa ileile ya kila siku, kwa sauti ileile.

Kukamua

Mtamba anayetarajia kuzaa aanze kuzoeshwa kukamuliwa walau miezi miwili kabla. Mimba ya ng'ombe ni takribani siku 280, hivyo muda upo. Kila siku anapokula, pitisha mkono kutoka begani hadi ubavuni, hadi kwenye paja, mwisho uguse kiwele kwa nyuma ya kiganja na uondoke. Akirusha mguu, mkono wako ufuate mguu huo ukiwa umegusa ngozi, bila kuminya, mpaka mguu ushuke, ndipo uondoe. Ukiuondoa wakati anarusha teke umemfundisha kwamba teke linafukuza watu, na somo hilo halitasahauliwa.

Siku za maziwa zikifika, fanya mambo kwa mpangilio usiobadilika: salamu, chakula, kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, kusubiri, kukamua. Kule kuosha na kupapasa kiwele hufanya ubongo wa ng'ombe utoe homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa kutoka ndani ya kiwele hadi kwenye chuchu katika muda wa kama dakika moja, na nguvu yake hudumu dakika chache tu, tano hadi saba hivi. Hofu huleta homoni nyingine, adrenalini, inayozuia kazi hiyo, na ndiyo maana ng'ombe aliyefokewa mlangoni hukupa lita mbili ambapo jana alitoa tano, kisha ndama akinyonya anapata povu midomoni. Watu husema ng'ombe huyo ana hila. Hana hila, maziwa yamekwama. Mama mkwe alikuwa akiimba kwa sauti ya chini kila alipokamua, wimbo uleule wa kanisani, na mimi ninayekosa sauti nzuri huhesabu tu kwa sauti. Kwa ng'ombe yote mawili ni ishara ya kinachofuata.

Ng'ombe mtulivu akianza kupiga teke ghafla, usidhani amekuchukia. Kamua matone ya kwanza kwenye chombo cheusi uangalie mabonge, shika kiwele uone kama kina joto au ugumu, tazama chuchu kama zina nyufa. Mara nyingi ni ugonjwa wa kiwele, na hapa ndipo uaminifu wa miezi yote unapolipa, kwa kuwa mnyama aliyezoea mkono wako ataruhusu uguse panapouma.

Kuhusu majina, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza waliwahoji wafugaji 516 na mwaka 2009 wakaripoti kwamba ng'ombe wanaoitwa kwa majina yao walitoa maziwa zaidi, takribani lita 258 kwa mwaka. Sidhani jina lenyewe linateremsha maziwa. Mfugaji anayempa ng'ombe jina ni yule anayemkaribia, anayemtofautisha na mwenzake, na anayegundua mapema kwamba leo hakumaliza majani. Hata hivyo mpe jina, fupi, na ulitaje kila unapomletea chakula.

Ndama, na onyo juu ya madume

Ndama apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema, ndani ya saa sita za mwanzo, na tangu siku hiyo ashikwe kila siku: masikio, miguu, kinywa. Anayefundishwa kunywa kwenye ndoo anyonyeshwe kidole ndani ya maziwa, na kidole kiondolewe polepole. Mwangalie sana mama yake siku hizo. Ng'ombe aliyekuwa akilaza kichwa kwenye bega lako anaweza kukurushia pembe siku ya pili baada ya kuzaa, kwa hiyo usisimame kati yake na ndama wala usiwaruhusu watoto kuingia.

Ndama dume ni mzuri wa kuchezea, na watoto hupenda kumsukuma kichwa naye awasukume. Lizuie hilo tangu wiki ya kwanza. Huo ndio mchezo wa madume wa kupimana nguvu, na ndama wa kilo 40 anayesukuma leo atakuwa fahali wa kilo mia kadhaa anayedai kuendelea na mchezo. Fahali aliyelelewa kwa mkono ni hatari kuliko yule anayeogopa watu, kwa sababu hofu imeondoka na wewe anakuona mshindani wake. Nasema wazi: fahali hatakiwi kuaminiwa hata siku moja, haidhuru anakuamini kiasi gani, na usimpe mgongo. Beberu na kondoo dume ni hivyohivyo kwa kipimo chao.

Mbuzi, kuku na mbwa

Mbuzi ni mwepesi wa kuzoea na mwepesi wa kukudharau. Asifugwe peke yake. Mbuzi mmoja hulia mchana kutwa na hofu yake haiishi, ila wakiwa wawili tayari wanapata utulivu. Mbuzi husoma uso wa mtu: utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye makazi ya mbuzi huko Kent nchini Uingereza, ulionyesha kwamba mbuzi walipowekewa picha mbili za mtu yuleyule, moja akitabasamu na nyingine akiwa amekasirika, walielekea kwanza kwenye ya tabasamu. Wazoeshe mlio mmoja, kwa mfano punje za mahindi ndani ya kopo, na kila wakija wapate kitu. Usitumie kopo hilo kuwaita ili uwakamate kwa dawa ya minyoo. Ukifanya hivyo mara mbili, kopo limekufa.

Kuku anahitaji jambo moja zaidi ya chakula, nalo ni kutokukimbizwa. Wakati mgumu ni ule wa chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi na ambayo kwa wafugaji wengi wa kienyeji hudondoshwa jichoni, kuku mmoja mmoja. Watu huwafukuza uwanja mzima, kuku wakiruka juu ya mikahawa, na wiki inayofuata mayai yamepungua. Kuku haoni vizuri gizani. Subiri wapande kwenye vichanja vyao jioni, ingia na tochi yenye mwanga hafifu, mtwae kila mmoja kwa mikono miwili iliyozibana mbawa, mdondoshee, mrudishe alipokuwa. Usimbebe kichwa chini miguu juu kama wafanyavyo sokoni. Vifaranga ukiwalisha kiganjani siku za mwanzo za maisha yao, ukiwa umechuchumaa, watakufuata hadi watakapoanza kutaga.

Mbwa wa nyumbani hupuuzwa katika habari hizi, ilhali ndiye anayeweza kubomoa kazi yote kwa kubweka mara moja nyuma ya mtamba. Umri wa kumzoesha ni kati ya wiki 3 na wiki 12 au 14 hivi. Katika siku hizo mpeleke bandani akiwa kwenye kamba, akae, aone kwato na mikia bila kuvikimbiza. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa akifikia miezi mitatu, irudiwe kila mwaka, na asifungwe mnyororo mchana kutwa, kwani mbwa wa mnyororo hujifunza kuchukia kila kinachopita.

Siku ya kulipa

Katika utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mtamba wa kwanza aliyezaliwa bandani kwako huenda kwa familia nyingine, na hapo mnyama uliyemlea kwa mkono anageuka mgeni kwa watu wengine. Mwalike anayempokea aje nyumbani kwako wiki moja kabla, akae kwenye kigoda kilekile, amlishe mara kadhaa wewe ukiwa karibu. Siku ya kuondoka, tuma pamoja na mtamba kamba yake ya zamani, furushi la majani aliyoyazoea na gunia la matandiko yenye harufu ya banda lako. Mwandikie mwenyeji wake mpya saa za kulisha, mahali anapopenda kukunwa, jina lake, na kama ana kitu anachokiogopa. Mimi kwenye karatasi ya kwanza niliyowahi kuandika, mstari wa mwisho ulisema asiingie kwake na buti za mpira.